Kaloleni: Mtaa Uliojengwa kwa Mtu na Jamaa Yake

Wanachama wa chama cha ustawi wamezoea kuona katika taarifa ya mwaka hesabu ya michango, misiba iliyosaidiwa, karo za watoto zilizolipwa, na majina ya wale ambao bado wanadaiwa. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Katika kurasa hizi twapenda kueleza habari za mtaa mmoja wa Nairobi, nao ni Kaloleni. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mtaa huu ni miongoni mwa mitaa ya awali mjini iliyopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya Mwafrika anayekaa pamoja na mkewe na watoto wake. Pili, swali lililozaliwa pamoja na mtaa huo, kwamba mkaaji wa mjini ni mwenyeji au ni mgeni, halijapata jibu kamili hata leo. Na vyama vya ustawi, chetu kikiwamo, vilizaliwa na swali hilo hilo.

MJI WA WAPITAJI

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji ukakua kando ya karakana zake. Tangu siku zile mpaka Vita vya Pili vya Dunia, wakuu wa mji walimhesabu Mwafrika kuwa mpitaji. Alikuja kufanya kazi. Kazi ikiisha, alitazamiwa arudi kwao. Tangu mwaka wa 1920 hivi alitungika kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, na mtu asiyekuwa na kazi aliweza kukamatwa na kutolewa mjini. Mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, kwa kuwa mke na watoto walidhaniwa kulishwa na shamba la nyumbani. Basi ikiwa mtu ni mpitaji, na mshahara wake ni wa mpitaji, nani angeona haja ya kumjengea nyumba?

Kwa hiyo watu walijijengea wenyewe. Palikuwa na vijiji vya Pangani, Maskini, Kaburini na Mombasa. Baada ya Vita vya Kwanza, Baraza la Mji lilipima Pumwani iwe mahali pa Waafrika, na vijiji vile vya zamani vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ndicho kilichokawia kuliko vyote, nacho kikaondolewa mwisho wa miaka ya 1930. Baadhi ya wenye nyumba wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina la mtaa huo latosha kutuonyesha kwamba waliohama hawakuhama kwa furaha.

Kulikuwa pia na nyumba zilizojengwa na waajiri. Reli ilijenga landi zake Muthurwa. Baraza la Mji nalo lilijenga Kariokor, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, na jina la mtaa ni lile jina la Kiingereza la kikosi chao, likitamkwa kwa ulimi wetu. Lakini katika ujenzi wa namna hii kipimo kilikuwa ni kitanda, si nyumba. Wakuu walihesabu vitanda vingapi vyahitajiwa, wakagawanya vyumba kwa hesabu hiyo. Watu watatu au wanne waliweza kukutanishwa katika chumba kimoja, kila mmoja ametoka wilaya yake, na hakuna aliyeweza kumkaribisha mkewe hata kwa juma moja bila kuwataabisha wenzake. Mwanamume alikuwa baba mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo.

WAZO LA MTAA ULIO KAMILI

Mambo mawili yaliwalazimisha wakuu kufikiri upya. La kwanza ni malalamiko ya wafanya kazi. Mwaka wa 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na uchunguzi uliofuata ulitaja ubaya wa makao kuwa sehemu kubwa ya taabu yao. La pili ni vita vyenyewe. Kazi ziliongezeka Nairobi, watu wakamiminika, lakini nyumba hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Mwaka wa 1940 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, na tangu hapo ustawi wa raia ukawa jambo ambalo serikali ya koloni yaweza kuulizwa habari zake. Watu walipohesabiwa mwaka wa 1948, Nairobi ilikuwa na wakaaji karibu 119,000.

Wakati huo huo mafundi wa kupanga miji walikuwa na wazo lililotoka ng'ambo. Mwingereza Ebenezer Howard alitoa kitabu mwaka wa 1898, akitaka ijengwe miji yenye bustani, ambamo mtu angepata kazi ya mjini na hewa ya shamba kwa pamoja. Na mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka wa 1903. Mwaka wa 1929 Mmarekani Clarence Perry alieleza kwa vipimo jinsi mtaa mmoja uwezavyo kuwa kamili. Shule iwe katikati, watoto waifikie kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Magari yapite pembeni, yasikate mtaa vipande viwili. Maduka yawe mpakani, na kiasi cha sehemu ya kumi ya ardhi kiachwe wazi kwa michezo na mapumziko. Watu wawe wengi wa kutosha kujaza shule moja, yaani 5,000 hivi au zaidi.

Wazo hilo ndilo lililoongoza ujenzi wa Kaloleni. Baraza la Mji liliujenga mtaa huo katika miaka ya 1940, vita vikiwa bado vinaendelea na hata baada ya kwisha. Mateka wa vita wa Kiitalia, ambao wengi wao walikamatwa Uhabeshi na kuletwa Kenya, walitumiwa katika kazi hiyo. Mwaka wa 1948 mabwana watatu, L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, walitoa Mpango Mkuu wa Nairobi, wakashauri kwamba mji mzima upangwe kwa mitaa ya namna hii. Wakati huo Kaloleni ilikuwa mfano uliokwisha kuonekana kwa macho.

Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba mfano huo ulikuwa na kasoro. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi penye miinuko na miti, Wahindi penginepo, na Waafrika mashariki, karibu na viwanda na reli. Kule Marekani barabara kubwa za mpakani zilikusudiwa kuwalinda watoto. Hapa kwetu, pamoja na njia ya reli, zilifaa pia kuwatenga watu. Mtaa ulikuwa mzuri, lakini mwenye kukaa humo hakuulizwa kama angependa kukaa pengine.

SURA YA MTAA

Mtu atokaye katikati ya mji kwa barabara iliyoitwa Donholm zamani, ambayo sasa ni Jogoo, akiupita uwanja wa michezo wa City, huikuta Kaloleni upande wa kuume. Nyumba zake hazina ghorofa. Zimejengwa kwa mawe na kuezekwa vigae vyekundu, nazo hazikupangwa kwa mistari mirefu kama landi za reli. Zilipangwa kwa vikundi, zikielekea viwanja vya majani, miti ikapandwa, na kila mlango ukawa na nafasi kidogo mbele yake. Katikati ya mtaa pakawekwa ukumbi wa mikutano, na mtaa ukapewa pia shule, zahanati na maduka.

Kwa mtu aliyezoea kitanda cha Kariokor au landi ya Muthurwa, tofauti ilikuwa kubwa. Karani, mwalimu au fundi aliyepata nyumba Kaloleni aliweza kufunga mlango wake. Mke aliweza kupika katika jiko asiloshiriki na wanaume wageni. Mtoto aliweza kuzaliwa mjini, akasoma mjini, na kucheza uwanjani mama akimwona. Ndivyo kilivyotokea kizazi kipya, cha watoto waliojua njia za Nairobi kabla ya kujua njia za kwa babu yao, na ambao lugha yao ya kwanza ya mchezo ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa jirani wa kuume alikuwa wa kabila moja na wa kushoto wa kabila jingine.

Viwanja vile vya majani navyo vilifanya kazi kubwa kuliko ilivyoandikwa katika ramani. Pale ndipo palipoanikwa nguo, palipochezwa mpira, palipowekwa viti wakati wa harusi, na palipowashwa moto usiku wa matanga. Mpangaji wa mji alidhani anaacha nafasi ya hewa. Wakaaji wakaifanya kuwa ua wa pamoja, kama ua wa nyumba za nyumbani. Mtu akifiwa hakuhitaji kutafuta mahali pa kuwaweka wageni. Vyama vingi vya watu wa wilaya na wa kata vilikutana katika viwanja kama hivyo, chini ya miti, daftari likiwa juu ya goti la mweka hazina.

UKUMBI NA MANENO YALIYOSEMWA HUMO

Ukumbi ulijengwa kwa nia ya kuwapa watu burudani iliyo safi: dansi, michezo, masomo ya jioni, mafundisho ya usafi na ya malezi. Wakuu waliamini kwamba mtu mwenye mahali pema pa kupitisha jioni yake hatakuwa na haja ya pombe wala ya siasa. Kuhusu siasa walikosea.

Mwaka wa 1950, siku ya 30 Machi, Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji, na sherehe kubwa ikafanywa. Vyama vya wafanya kazi vilikataa kushiriki, vikisema kwamba hapana sababu ya kushangilia jiji ambalo wengi wa wakaaji wake hawana makao wala haki. Siku ya 23 Aprili mwaka huo huo, mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki ulifanyika katika ukumbi wa Kaloleni, kupinga mpango uliotolewa na chama cha wapiga kura wa Kizungu. Hapo Bw. Makhan Singh, kiongozi wa wafanya kazi, alisimama akataka iongezwe katika azimio dai la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Dai hilo likakubaliwa na mkutano.

Siku ya 15 Mei Bw. Makhan Singh alikamatwa pamoja na Bw. Fred Kubai, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Bw. Makhan Singh aliwekwa kizuizini, wala hakutoka mpaka mwaka wa 1961. Lakini neno lililokwisha kusemwa halirudi kinywani. Lilisemwa mahali palipojengwa na Baraza la Mji kwa fedha za umma, na waliosikia walikwenda kwa miguu majumbani mwao, hatua chache tu, wakalizungumza mezani pamoja na wake zao. Mtaa uliokusudiwa kumtuliza Mwafrika ulimpa mahali pa kusimama na kunena.

MIAKA YA HATARI

Hali ya hatari ilitangazwa siku ya 20 Oktoba 1952. Mwezi uliofuata Bw. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya African Union, aliuawa Nairobi, na mwaka wa 1953 akauawa Diwani Ambrose Ofafa. Majina yao yalipewa mitaa iliyojengwa baadaye upande huo huo wa mashariki, nayo Mbotela na Ofafa yatajwa kila siku na makondakta wa magari wasiojua ni ya nani.

Siku ya 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa mmoja mmoja, na maelfu mengi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walichukuliwa vizuizini au kurudishwa wilayani. Vyumba vilivyobaki wazi vilipewa watu wa makabila mengine. Haifai kusifu ujirani mwema wa mitaa ya mashariki bila kulisema jambo hili. Wako waliopata nyumba kwa sababu jirani yao aliondolewa kwa nguvu, na wako watoto waliorudi miaka ya baadaye wakakuta mlango wa baba yao una kufuli ya mtu mwingine. Mwenye kupewa hakuwa mwenye kosa; alikuwa na shida ya nyumba kama yule aliyeondolewa. Lakini chuki nyingi za baadaye mjini zilipata mbegu zake katika vyumba vilivyogawanywa namna ile, na afadhali tuzijue kwa asili yake kuliko kuziita tabia ya kabila hili au lile.

Katika miaka hiyo hiyo ya taabu, serikali ilianza kukiri kwa maandishi yale ambayo Kaloleni ilikuwa imekwisha kuyaonyesha kwa mawe. Mwaka wa 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Bw. Carpenter ilishauri kwamba mshahara upimwe kwa mtu na jamaa yake, si kwa mtu mmoja. Mwaka wa 1955 Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ilitoa taarifa ikisema kwamba ni lazima Waafrika waweze kukaa mijini kwa kudumu. Mpitaji akaanza kuitwa mkaaji.

NYUMBA NI YA NANI?

Uhuru ulipatikana siku ya 12 Desemba 1963. Mipaka ya rangi ikaondoka, na wenye mishahara mikubwa wakahamia mitaa ya magharibi. Waliobaki Kaloleni walibaki wapangaji, wakilipa kodi kwa Baraza la Jiji jipya kama walivyoilipa kwa lile la zamani. Hati ya nyumba haikuwa yao. Baba alipostaafu au kufa, mara nyingi mama au mtoto aliendelea kulipa, na nyumba ikawa kama urithi, ingawa kwa sheria haikurithiwa. Kuna jamaa ambazo vizazi vitatu vimekulia katika vyumba vile vile, na bado barua moja tu ya ofisi yaweza kuwatikisa.

Mji nao haukungoja. Mwaka wa 1962 Nairobi ilikuwa na watu karibu 267,000; mwaka wa 2019 walihesabiwa 4,397,073. Watoto wa wapangaji walikua, wakaoa, wakakosa mahali pa kwenda. Vyumba vya mabati na mbao vikajengwa kando ya nyumba za mawe, kwanza kwa ajili ya mwana, kisha kwa ajili ya kupangisha. Viwanja vya majani vikapungua. Vigae vilivyovunjika vikangoja fundi wa Baraza miaka na miaka. Mwaka wa 2013 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilishika mahali pa Baraza, ikarithi nyumba na wapangaji wake, na pamoja nao deni la matengenezo ambayo hayakufanywa.

Hatupendi kuwalaumu wale waliojenga mabati. Mtu ambaye nyumba si yake, na mshahara wake haufiki kodi ya pengine, hutumia nafasi aliyo nayo. Wala hatupendi kusema kwamba nyumba za zamani zisiguswe kamwe, kwa maana mji wenye watu milioni nne hauwezi kukaa wote katika nyumba zisizo na ghorofa. Neno letu ni moja. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Haki hiyo haitakuwa na maana ikiwa mkaaji wa miaka sitini atahesabiwa kuwa mpitaji siku ramani mpya inapochorwa, kama walivyohesabiwa wale wa Pangani. Anayejenga upya yampasa kwanza awaulize wakaaji, awaandike, na awaonyeshe mahali watakaporudi.

YATUPASAYO SISI

Kuna dalili njema. Kaloleni ina maktaba, tawi la Maktaba ya McMillan, ambayo ilipofunguliwa mjini mwaka wa 1931 haikuwa na mlango kwa Mwafrika. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017, lilishirikiana na Kaunti kuitengeneza maktaba hiyo ya Kaloleni na ile ya Makadara, na watoto wa mtaa wakapata tena mahali pa kusoma. Jambo hilo latufundisha kwamba kitu cha umma chaweza kurudishiwa heshima yake kabla hakijaanguka, na kwamba hakihitaji kwanza kubomolewa.

Vyama vya ustawi vilianza kwa sababu mtu aliyefia mjini hakuwa na wa kumzika. Tulichanga ili kumrudisha kwao, nasi bado twachanga. Kazi hiyo ni ya haki wala hatutaiacha. Lakini wanachama wetu wengi wamezaliwa Nairobi, na watoto wao pia, na ustawi wao hauwezi kuwa wa safari ya mwisho peke yake. Wanahitaji nyumba wakiwa hai. Kwa hiyo twawasihi wanachama wanaokaa katika nyumba za Kaunti watunze risiti zao zote za kodi, hata zilizochakaa. Wahakikishe jina lililo katika daftari la ofisi ni la mtu aliye hai anayekaa humo. Na wahudhurie kila mkutano unaoitwa kuhusu mtaa wao, kwa kuwa asiyekuwapo huamuliwa na waliokuwapo. Kiwanja kilichobaki wazi, hata kiwe kidogo, wasikubali kigawanywe usiku.

Wazee waliohamia Kaloleni walipewa mlango, ufunguo na kodi ya mwezi. Mengine yote, ujirani, matanga, harusi na sauti katika ukumbi, waliyaongeza wenyewe. Hayo ndiyo yaliyoufanya mtaa kuwa nyumbani, na hayo hayamo katika mali ya Baraza wala ya Kaunti. Ni mali yetu, na ulinzi wake watuhusu sisi.